Kanuni Ijulikane Kabla Haijahukumu

Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU),
na kwa Makamu Wakuu, wenyeviti wa seneti na wasajili wa vyuo vikuu na vyuo vikuu vishiriki.

YAH: WANAFUNZI KUELEWESHWA KANUNI ZA UDAHILI, GREDI NA MADARAJA YA SHAHADA

Waheshimiwa,

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, dirisha la udahili hufunguliwa, na vijana wa Igunga, Nzega, Sikonge, Urambo na Kaliua, huku mkoani Tabora, huanza kuhesabu pointi zao. Wengi hawana kompyuta nyumbani. Fomu hujazwa steshenari, mara nyingi kwa mkono wa mwenye mashine na si wa mwombaji. Akichaguliwa analipa, anajisajili, na kwa kusajiliwa kwake anahesabiwa kuwa amekubali kuongozwa na kanuni za mitihani ambazo hakuna aliyemsomea. Kwa miaka mitatu au zaidi kanuni hizo ndizo zitakazosema kama amefaulu, amekamata sapu (mtihani wa marudio), anarudia mwaka au amedisko, yaani ameondolewa masomoni. Nawaandikia kutetea jambo moja: kanuni inayoamua hatima ya mwanafunzi ielezwe kwa lugha anayoimudu kabla haijaanza kumhukumu, na isigeuzwe akiwa njiani. Viwango vya ufaulu vibaki palepale vilipo. Ninachohoji ni kama anayepimwa kwa viwango hivyo anavijua.

Nianze na jambo ambalo Tume imelifanya vizuri, maana hoja yangu yote imesimama juu yake. Sifa ya jumla ya kuingia shahada ya kwanza kwa njia ya kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Herufi zinazoleta pointi hizo, hata hivyo, hazikuwa na thamani ileile miaka yote. Mwaka 2014 na 2015, wakati Baraza la Mitihani lilipotumia mizani yenye gredi ya B+, A ilikuwa pointi 5, B+ 4, B 3, C 2 na D 1. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alipoagiza mfumo wa madaraja urejeshwe badala ya wastani wa pointi (GPA), matokeo ya kuanzia 2016 yakahesabiwa A 5, B 4, C 3, D 2, E 1 na S nusu pointi. Kwa hiyo aliyemaliza 2015 alihitaji C mbili kufikisha pointi 4.0, na aliyemaliza 2016 akazifikisha kwa D mbili. Mtu asiyeijua historia hiyo akiviweka vyeti hivyo viwili mezani atasema mwenye C amemzidi mwenye D. Mwongozo wa udahili wa Tume hauanguki katika kosa hilo. Unawagawa waombaji kwa mwaka wa mtihani, kisha unampima kila mmoja kwa mizani iliyokuwapo siku alipoketi kwenye chumba cha mtihani. Kwa kufanya hivyo Tume imekubali misingi miwili: kwamba alama haina maana bila ufunguo wa kuisomea, na kwamba mtu hapimwi kwa mizani iliyotengenezwa baada yake. Ninachoomba ni misingi hiyohiyo iliyotumika mlangoni iingie na ndani ya nyumba.

Hata mlangoni penyewe, ufunguo huo humfikia kwa kuchelewa yule asiyepitia kidato cha sita. Mji wa Tabora una Chuo cha Ufugaji Nyuki, tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma na Chuo cha Reli, na wapo wanaoingia vyuo vya namna hiyo wakiwa na nia ya kufika shahada siku moja. Njia hiyo ipo na ni halali: mwenye stashahada anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Sasa mtu aliyemaliza stashahada kwa GPA ya 2.9 amefaulu, ana cheti na anaweza kuajiriwa, ila mlango wa shahada kwa njia hiyo umefungwa. Kama aliambiwa siku ya kwanza ya masomo, basi alichagua mwenyewe namna ya kuipangia bidii yake. Kama alikuja kuambiwa siku anajaza fomu ya udahili, hakuchagua chochote. Na hata huyo bado ana njia ya kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ambayo nayo ina masharti yake. Asiyesomewa masharti hayo hukaa akiamini kwamba safari yake imeishia hapo.

Tuingie sasa chuoni. Katika vyuo vikuu vyetu vingi alama 70 na zaidi ni A yenye pointi 5, 60 hadi 69 ni B+ yenye 4, 50 hadi 59 ni B yenye 3, na 40 hadi 49 ni C yenye 2. Chini ya hapo somo halijafauliwa. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti zake, jumla yake ikagawanywa kwa jumla ya krediti zote, na jibu ndilo GPA. GPA ya 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida. Jedwali hilo wengi wamewahi kuliona. Wachache ndio walioonyeshwa linavyofanya kazi. Chukua wanafunzi wawili wenye masomo yaleyale, yote ya krediti sawa. Wa kwanza amepata 69 katika kila somo. Wa pili amepata 70 katika nusu ya masomo na 60 katika nusu iliyobaki. Kwa wastani wa alama, wa kwanza ana 69 na wa pili ana 65. Ila wa kwanza ana B+ tupu, GPA yake ni 4.0, naye anatunukiwa daraja la pili la juu. Wa pili ana A na B+ nusu kwa nusu, GPA yake ni 4.5, naye anatoka na daraja la kwanza. Sisemi kwamba mfumo huo ni batili. Kila mfumo wa kupanga watu kwa makundi una kingo zake, na mtu atakuwa upande huu au ule wa kingo. Nasema kwamba mwanafunzi anayeamini kuwa kila alama ina uzito sawa atazigawa saa zake za kusoma vibaya, na hatakuwa amekosa akili. Atakuwa amekosa maelezo ya dakika kumi.

Krediti nazo zina hesabu yake. Kwa Mfumo wa Sifa za Vyuo Vikuu uliotolewa na Tume mwaka 2012, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu inataka krediti zisizopungua 360. Saa hizo si za mihadhara peke yake. Ndani yake mna semina, maabara, kazi za nyumbani na kujisomea. Somo la krediti 12 linadai saa 120, na katika GPA lina nguvu ya mara moja na nusu ya somo la krediti 8. Mwanafunzi anayelichukulia kila somo kuwa somo moja tu, kama alivyozoea sekondari, hushangaa kuona B aliyoipata huku imemshusha kuliko A aliyoipata kule ilivyompandisha. Halafu kuna desimali. Madaraja yameandikwa kwa desimali moja, lakini kugawanya hakukomei kwenye desimali moja. Mwenye 3.47 yuko wapi? Akikadiriwa ni 3.5, daraja la pili la juu. Akikatwa ni 3.4, daraja la pili la chini. Chuo kinachokata kina haki ya kukata, mradi kimesema hivyo mapema na kwa wote. Kinachopotea hapo si sifa ya kutundika ukutani. Matangazo ya ajira ya ngazi ya kwanza ya ualimu katika vyuo vikuu vya umma yamekuwa yakitaka GPA isiyopungua 3.8, na mwenye 3.79 iliyokatwa kuwa 3.7 hana pa kupita.

Eneo linaloumiza zaidi, hata hivyo, ni taratibu zinazoizunguka mitihani. Katika vyuo vingi anayefaulu sapu hupewa C, hata kama safari hii ameandika mtihani wa alama 80. Kwa upande mwingine, aliyeugua akaomba kwa maandishi kuahirisha mtihani na kukubaliwa hufanya mtihani huo kama wa mara ya kwanza, na alama zake huhesabiwa zote. Tazama basi mwanafunzi mwenye homa asubuhi ya mtihani. Anayeijua kanuni anakwenda hospitali ya chuo, anachukua cheti cha daktari na kupeleka barua. Asiyeijua anajikaza, anaingia, anafeli, anajifariji kwamba sapu ipo, na C yake inamfuata hadi siku ya mahafali. Ndivyo ilivyo pia kwa kudahiliwa na kusajiliwa. Mwenye barua ya udahili anaweza kuketi darasani muhula mzima akidhani yeye ni mwanafunzi, kumbe usajili wake haukukamilika na mtihani haumhusu. Mtoto wa mkulima anayesubiri malipo ya tumbaku ya mzazi wake akiondoka chuoni kimyakimya kwa kukosa ada huhesabiwa ametoroka masomo. Mwenzake akiandika barua ya kuahirisha mwaka na seneti ikaridhia, nafasi yake inamngoja. Umaskini wa vijana hao wawili ni mmoja. Barua moja ndiyo inayowatenga. Na kwa mwenye mkopo hesabu ni nzito zaidi, kwa sababu fedha za Bodi ya Mikopo hufuata maendeleo ya masomo, na anayekwama mwaka hukosa bumu pamoja na kukosa mwaka.

Nani basi huzijua taratibu hizi? Huzijua aliyetanguliwa na kaka au dada chuoni, mtoto wa mhadhiri, aliyesoma sekondari ambayo walimu wake wangali na ukaribu na vyuo. Wengine huzipata vibarazani na kwenye makundi ya simu, zikiwa zimechanganyika na uvumi: kwamba fulani alipandishwa GPA kwa kuomba, kwamba somo likirudiwa alama ya zamani hufutika, kwamba ukikosa kozi weki, yaani alama za kazi za muhula, mtihani wa mwisho utafidia. Historia ya njia ya misafara ya kuja huku magharibi inatufundisha nani hufaidika na hali kama hiyo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na kutoka hapa kuendelea hadi Ujiji, ilitozwa hongo, ushuru wa njia uliolipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Ugogo ndiko ulikotisha zaidi, kwani kiwango kilijadiliwa upya kwa kila mtemi na mjadala uliweza kula siku kadhaa. Wapelelezi wa Kizungu Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, na Stanley, aliyepanga Kwihara, jirani yake, mwaka 1871, wote waliandika kwa kirefu juu ya usumbufu huo. Watemi walikuwa na sababu zao: msafara ulikunywa maji yao, ukala chakula chao na kukanyaga ardhi yao. Tatizo la mgeni lilikuwa kutojua atadaiwa nini, wapi na na nani. Msafara wenye kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mzoefu ulifunga mizigo yake ukijua nini kitabaki Ugogo na nini kitahitajika kwenye kivuko cha Malagarasi. Usio na kirangozi uliishiwa vitambaa katikati ya njia. Ushuru ukijulikana mapema huwa sehemu ya gharama za safari. Usipojulikana, humfilisi mgeni na kumwacha mwenyeji. Chuo kikuu cha umma au cha dini, kilichosajiliwa kwa ahadi ya kumwinua kila mwenye uwezo, hakiwezi kuridhika kwamba wenye virangozi wa nyumbani wanafika na wasio nao wanafilisika.

Na hapo Ugogo hapohapo, zama zetu hizi, tuliona kinachotokea kanuni inapogeuka wasafiri wakiwa njiani. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walitakiwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Programu hiyo ilianzishwa na Serikali yenyewe ili kupunguza uhaba wa walimu wa sayansi na hisabati, na wanafunzi wake walipokelewa wakitokea kidato cha nne kwa masharti yaliyotangazwa wakati huo. Baadaye wakachambuliwa upya kwa matokeo yao ya kidato cha nne: baadhi wakarudi Dodoma, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu, wengine wakaambiwa hawana sifa. Mtu mwenye busara anaweza kubishana kama kuwapeleka vijana wa kidato cha nne chuo kikuu lilikuwa wazo zuri. Mjadala huo ulistahili kufanyika kabla ya barua za udahili kutolewa. Sifa za kijana hazikubadilika kati ya siku alipopokelewa na siku alipoondolewa. Kilichobadilika ni jicho la waliomtazama. Tukio hilo lilikuwa kubwa, likaandikwa magazetini. Yapo madogo yasiyoandikwa, ya seneti inayobadili masharti ya sapu au namna ya kukokotoa GPA na kuyatumia mara moja kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu waliojipanga kwa masharti ya awali. Mantiki iliyompa mhitimu wa 2015 haki ya kupimwa kwa mizani ya 2015 haiwezi kumnyima mwanafunzi wa mwaka wa tatu haki ya kupimwa kwa mizani ya mwaka alioingia.

Najua mtakayonijibu, na majibu hayo yana uzito. La kwanza ni la lugha: chuo kikuu kinafundisha kwa Kiingereza, na asiyeweza kusoma prospektasi kwa Kiingereza atasomaje shahada? Jibu langu ni kwamba kusoma somo na kusoma kanuni ni kazi mbili tofauti. Kiingereza cha kanuni za mitihani ni cha kisheria, chenye masharti ndani ya masharti, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza hana uzoefu nacho hata kama amefaulu vizuri lugha hiyo. Zaidi ya hapo, nchi yenyewe imekwisha kulijibu swali hili mahali pazito kuliko chuo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kama Bunge liliona kwamba raia hapaswi kuhukumiwa kwa lugha asiyoimudu, seneti ya chuo inayotoa hukumu za kudisko na kurudia mwaka haina sababu ya kubaki nyuma. Tume mnatoa taarifa zenu kwa umma kwa Kiswahili safi, uwezo mnao. Hata Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka vijana wafanye kazi walau miaka miwili na kupata mapendekezo ya kazini na ya chama kabla ya kuingia chuo kikuu, lilitangazwa na TANU, chama tawala cha wakati huo, kwa Kiswahili. Mengi yalisemwa dhidi ya sharti lile, na wasichana wakaja kuondolewa humo, lakini ubishi ule uliwezekana kwa sababu watu walikielewa walichokuwa wakikibishia.

Jibu la pili ni la uhuru wa vyuo. Kila seneti ina mamlaka juu ya mitihani yake, na Tume ikianza kuandika kanuni za kila chuo itakuwa imevunja uhuru wa kitaaluma. Nakubaliana nanyi, ndiyo maana siombi kanuni zifanane. Chuo kimoja kikate desimali na kingine kikadirie. Kimoja kitake kiwango cha chini cha kozi weki kabla ya mtihani wa mwisho, kingine kisitake. Ninachotaka kifanane ni wajibu wa kueleza. Tume ina mamlaka ya kuthibitisha vyuo na kukagua ubora wake, na hukagua idadi ya wahadhiri, vitabu na madarasa. Kukagua kama mwanafunzi ameelezwa namna anavyopimwa kumo ndani ya mamlaka hayohayo. Jambo hili linavihusu zaidi vyuo vya mikoani. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo hapa Tabora kilianzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino chenye makao yake Mwanza, na kwa kawaida shahada za chuo kishiriki hutolewa kwa idhini ya seneti ya chuo mama. Mwanafunzi anapohukumiwa na kikao kinachoketi mji mwingine, haja ya kuwa na maandishi yaliyo wazi mkononi mwake huongezeka.

Jibu la tatu hutolewa na wahadhiri: mwanafunzi akifahamu hesabu hizi vizuri mno ataacha kutafuta elimu na kuanza kutafuta pointi, atalenga 70 hapa, 60 pale, na kujiegesha. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini imechelewa. Kujiegesha kupo tayari, na wanaofanya hivyo kwa ufanisi ni walewale wenye habari. Kuficha hesabu hakumzuii mjanja. Humzuia asiye na mtu wa kumwambia. Tena mhadhiri anayeona kingo za gredi zinamvuruga mwanafunzi ana hoja dhidi ya kingo zenyewe, na hoja hiyo aipeleke kwenye seneti. Kanuni ambayo inabaki nzuri ili mradi watu wasiielewe ina kasoro ndani yake.

Jibu la nne ndilo gumu zaidi: mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, prospektasi iko kwenye tovuti, na kumtafunia kila kitu ni kumlemaza. Ningelikubali jibu hili kama pande mbili za mkataba zingekuwa sawa. Lakini upande mmoja umeandika kanuni, unazitafsiri, unazitumia, unasikiliza rufaa zake na una uwezo wa kuzibadili. Upande wa pili una miaka ishirini hivi na simu ya mkononi. Ili kutafuta jibu katika kitabu kinene mtu anapaswa kwanza kujua kwamba swali lipo, na hakuna anayejiuliza kuhusu kukatwa kwa desimali kabla desimali haijamkata. Utu uzima tunaoudai kwa mwanafunzi unaanza pale anapokuwa na taarifa za kuamulia. Baada ya kuelezwa, akipuuza, alaumiwe. Hapo chuo kitakuwa na haki kamili ya kumwambia kwamba alijua. Wapo pia watakaohofia wingi wa rufaa. Mimi natarajia kinyume chake, kwa kuwa sehemu kubwa ya manung'uniko hutokana na wanafunzi kutojua ni lipi linakatiwa rufaa na lipi halikatiwi, ndani ya siku ngapi na kwa ada gani.

Kutokana na hayo, waheshimiwa, naomba mambo manne. Kwanza, kila chuo kiandae muhtasari wa kanuni zake kwa Kiswahili usiozidi kurasa mbili: sifa za kudahiliwa na tofauti yake na kusajiliwa, mizani ya gredi, namna ya kukokotoa GPA na hatima ya desimali, masharti ya kozi weki, sapu, kuahirisha, kurudia, kudisko na kukata rufaa. Muhtasari huo mwombaji aupate kabla ya kuthibitisha chuo alichochagua, na Tume iuweke katika mwongozo wa udahili. Maandishi ya Kiingereza yabaki kuwa ndiyo rasmi, ila mwanafunzi aliyeufuata muhtasari wa chuo kwa nia njema asiadhibiwe kwa kosa la tafsiri ya chuo. Pili, wiki ya utambulisho iwe na kipindi cha kukokotoa GPA ya mfano ubaoni, kwa alama, krediti na sapu, na kifundishwe na mtu wa ofisi ya mitihani atakayejibu maswali. Tatu, mwanafunzi aone alama zake zote za kozi weki kabla ya mtihani wa mwisho, na ukurasa wa matokeo kwenye mtandao uonyeshe hesabu iliyotoa GPA yake hatua kwa hatua. Kompyuta imekwisha kuifanya hesabu hiyo, inabaki kuionyesha. Nne, Tume itoe agizo kwamba kanuni yoyote mpya inayopunguza haki ya mwanafunzi ianze na wanaoingia mwaka unaofuata, na wale waliomo wamalize kwa kanuni walizozikuta, isipokuwa mabadiliko yawe ya kuwanufaisha.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji jengo jipya au fungu jipya la bajeti. La nne linahitaji sahihi yenu. La kwanza linaweza kuwa tayari kabla dirisha lijalo la udahili halijafunguliwa, kama ofisi za wasajili zitaagizwa leo. Tume ilipokubali kwamba D mbili za 2016 ni sawa na C mbili za 2015, ilionyesha kwamba haki katika kupima watu ni jambo la hesabu iliyoelezwa. Waelezeni basi na waliokwisha kuingia, kwa sababu wao ndio wanaopimwa kila muhula.

Wenu katika ujenzi wa elimu ya nchi,

Mwandishi,
Tabora